Kabla ya Namba Kuna Mkono

Tangu tarehe 19 Juni 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, sisi watu wa Kanda ya Ziwa tumekuwa tukisimuliana habari za muda. Fulani ametoka Mwanza asubuhi, amemaliza shughuli zake Sengerema, na kabla ya adhuhuri amekwisha kurudi. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya Bugando halali tena ng'ambo akisubiri kivuko cha alfajiri. Daraja hilo lenye urefu wa kilomita 3, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, limeifanya Ghuba ya Mwanza, ambayo zamani ilikula saa nzima au mbili ukijumlisha foleni, iwe mwendo wa dakika chache.

Miongoni mwa waliokuwa wakikaa foleni pale Kigongo, wamo ambao hawakuwa watu. Katika miaka niliyovuka kwa MV Mwanza na MV Misungwi niliona vifuko vya mawe yaliyopondwa, vimetoka upande wa Geita vikielekea Mwanza kupimwa dhahabu. Niliona maboksi ya barafu yenye samaki, chupa za maji ya visima, na mirija ya damu iliyoandikwa kwa wino usiofutika. Hizo zote ni sampuli. Kila moja ni swali ambalo mtu, kampuni au serikali imeliuliza na inangoja jibu. Je, jiwe hili lina dhahabu? Je, samaki huyu ana sumu? Je, maji haya yana zebaki?

Leo maswali hayo yanavuka ghuba bila kusimama. Yakishavuka, yanasubiri wapi? Yeyote aliyewahi kuingia katika maabara ya kemia anajua kwamba yanasubiri mezani. Foleni ya Kigongo imekwisha, lakini foleni ya meza ya maabara ingalipo, na ndiyo ambayo roboti zimeundwa ili kuimaliza. Naomba tulizungumze jambo hili kama jambo la siasa na la jamii, kwa sababu wakemia wakiachiwa peke yao watalizungumza kama jambo la kasi, na wafanyabiashara wakiachiwa peke yao watalizungumza kama jambo la bei.

Kwa msomaji ambaye mara ya mwisho alishika bomba la kupimia alipokuwa kidato cha nne, nieleze kwanza kazi yenyewe. Tunapomwona mkemia katika picha za magazeti, huwa amesimama kando ya mashine kubwa yenye kioo kinachong'aa. Tunadhani mashine hiyo ndiyo inayofanya kazi. Kwa kweli mashine hufanya sehemu ya mwisho tu. Chukua mfano wa sangara anayepimwa kama ana mabaki ya viuatilifu. Lazima minofu yake ikatwe, isagwe hadi iwe uji mmoja, ipimwe kwa mizani, ichanganywe na kiyeyushi, itikiswe, izungushwe kwa kasi ili mafuta na nyama vijitenge, kisha kimiminika kinachobaki kisafishwe na kutiwa katika kichupa kidogo kuliko kidole gumba. Hapo ndipo mashine inapokipokea, na baada ya muda mfupi inatoa mchoro wa vilele na mabonde. Saa nyingi za kazi zimekwisha kupita kabla ya mashine kuamka.

Dhahabu ina njia yake. Mwamba hukaushwa, hupondwa, husagwa hadi uwe laini kama unga wa sembe, kisha unga huo hugawanywa tena na tena kwa utaratibu ili fungu dogo liwe mwakilishi wa kweli wa gunia zima. Gramu 30 au 50 hupimwa, huchanganywa na oksidi ya risasi, magadi na boraksi, na kutiwa katika tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi. Madini ya risasi huyeyuka, hushuka chini, na yakishuka hukusanya dhahabu yote iliyomo. Baadaye risasi huondolewa kwa moto wa pili, na kinachobaki ni chembe ndogo ambayo huyeyushwa kwa tindikali na kupimwa. Mbinu hii ni ya karne nyingi, na hata leo ndiyo inayoaminiwa katika biashara ya dhahabu duniani.

Angalia mahali ambapo kosa linaweza kuingia. Unga wa sampuli ya jana ukibaki katika kinu, sampuli ya leo itapata dhahabu isiyokuwa yake. Mgawanyo ukifanywa kwa haraka, chembe nzito zitabaki chini na fungu litakalopimwa halitakuwa na ukweli wa gunia. Namba ya kifuko ikisomwa vibaya saa tisa alasiri, baada ya vifuko mia mbili, jiwe la mtu mmoja litapewa jibu la mwingine. Mkemia Mfaransa Pierre Gy alitumia maisha yake karibu yote kuonyesha kwa hesabu kwamba makosa makubwa ya upimaji wa madini huzaliwa katika kuchukua na kugawanya sampuli, kabla hata haijafika kwenye chombo cha kupimia. Kabla ya namba kuna mkono, na mkono huchoka.

Mkono huo naufahamu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Kigongo, ni mtayarishaji wa sampuli katika maabara moja ya binafsi upande wa Geita. Sitaitaja, kwa kuwa hajanituma kuisema na kwa kuwa anakula kwa mkono ule ule. Ana cheti cha ufundi wa maabara. Mkataba wake ni wa miezi, hurefushwa au haurefushwi. Siku zake huanza kwa vumbi la kinu na kuishia kwa joto la tanuri. Mara moja kwa kipindi huchukuliwa damu kuona kiasi cha risasi kilichomwingia mwilini. Siku majibu yanapopanda, huondolewa tanurini kwa wiki kadhaa na kupelekwa stoo, kisha hurudishwa.

Alipokuja kunisalimia mwaka huu nilimuuliza habari za roboti, nikidhani nitamkuta na hofu tu.

"Mjomba," aliniambia, "ile kazi ya tanuri ningeipa mashine hata kesho. Mashine haina mapafu. Lakini wakiipa mashine kazi yangu, mimi watanipa nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Makala haya ni jaribio la kulitafuta, na msomaji ataona kwamba sehemu kubwa ya jibu haimo katika kemia.

Roboti za maabara si habari mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Profesa Masahide Sasaki wa Chuo cha Tiba cha Kochi, Japani, alijenga maabara ya hospitali ambamo mirija ya damu ilisafiri kwa mikanda na kuhudumiwa na mikono ya mashine. Wakati huo huo Marekani, kampuni ya Zymark ilianza kuuza mkono wa roboti uliokusudiwa hasa kutayarisha sampuli za kemia: kupima, kumimina, kutikisa, kuchuja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walichapisha habari za roboti iliyotembea yenyewe maabarani kwa siku 8, ikafanya majaribio 688, na ikawa inaamua yenyewe jaribio lifuatalo kwa kutazama matokeo ya lililotangulia. Yenyewe haikuhitaji usingizi. Ilisimama tu kuchaji betri.

Wala tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya huko. Yamekwisha kufika kwetu, ila yamefika bila kupigiwa ngoma. Kifua kikuu leo hupimwa katika hospitali zetu nyingi kwa mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake mwishoni mwa mwaka 2010. Mhudumu huchanganya makohozi na dawa, husubiri robo saa, hutia katika katriji, na kuanzia hapo mashine huosha, huvunja vimelea, hutafuta chembe za urithi na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. Kazi iliyohitaji fundi mzoefu na vyumba vitatu imeingia katika kisanduku. Katika mgodi wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, imewekwa teknolojia iliyobuniwa na watafiti wa Australia ambayo huipima dhahabu kwa miali mikali ya eksirei: unga wa mwamba wa karibu nusu kilo hutiwa katika kopo, kopo hubebwa na mashine, na jibu hupatikana baada ya dakika chache bila tanuri na bila risasi. Na mwaka 2018, DHL, shirika la Kijerumani la GIZ na kampuni ya Wingcopter walitangaza matokeo ya majaribio ya miezi sita hapa hapa ziwani: ndege isiyo na rubani ilipeleka dawa Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi, na ikirudi iliweza kubeba sampuli za damu.

Katika mifano hiyo mitatu kuna funzo moja ambalo ningependa wanafunzi wangu walishike. GeneXpert ni zawadi kubwa kwa mgonjwa wa kifua kikuu, lakini kila kipimo kinahitaji katriji, na katriji inatengenezwa na kampuni moja. Bei yake kwa nchi kama yetu ilishuka hadi dola 9.98 mwaka 2012, baada ya wafadhili kulipia punguzo hilo. Ilipofika mwaka 2023 ikashuka tena hadi dola 7.97, baada ya wanaharakati wa nchi nyingi kupaza sauti kwa miaka. Maana yake ni kwamba gharama ya kumjua mgonjwa wa Misungwi iliamuliwa mezani ambapo Misungwi haikuwa na kiti. Kisanduku kilikuwa chetu, lakini ufunguo ulikuwa wa wengine. Atakayetuuzia roboti ya kutayarisha sampuli anaweza kutuuzia kwa bei nzuri sana, kisha akatuuzia vichupa, vichujio, vipuri na leseni za programu maisha yetu yote.

Hapo ndipo siasa inapoingia, na taifa letu lina sababu ya kuliangalia jambo hili kwa macho mawili. Ukitazama mabishano makubwa ya miaka ya karibuni, utaona kwamba mengi yalikuwa mabishano juu ya sampuli, ingawa tuliyaita kwa majina mengine.

Aprili 1999, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa shaka kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu. Wazee wa Mwanza wanaukumbuka mwaka ule: viwanda vya minofu vilipunguza wafanyakazi, na bei ya sangara mwaloni ilianguka. Sumu ilikuwapo kwa baadhi ya wavuvi waovu, lakini msiba wetu wa pili ulikuwa kwamba hatukuwa na namba zetu wenyewe za kuweka mezani, zilizotayarishwa kwa utaratibu ambao mnunuzi angeuamini. Baadaye Nyegezi ikawa na maabara ya serikali ya kudhibiti ubora wa samaki yenye ithibati ya kimataifa, na leo sangara wetu anasafiri na cheti chake. Tulijifunza kwa njaa ya watu wetu kwamba maabara ni sehemu ya mamlaka ya nchi, sawa na bendera.

Kisha likaja sakata la makinikia. Tarehe 24 Mei 2017, kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilimkabidhi Rais Magufuli ripoti juu ya makontena 277 yaliyozuiwa Dar es Salaam, ikakadiria kuwa yana tani 7.8 za dhahabu. Kampuni ya Acacia ilizikataa vikali takwimu hizo. Nchi nzima ikagawanyika kati ya wazalendo na wasaliti, lakini ni wachache waliouliza swali la mkemia: sampuli zilichukuliwa kutoka pembe gani ya kontena, zikagawanywa vipi, na fungu la pili liko wapi ili upande wa pili nao upime? Ubishi ulimalizwa na mazungumzo: Januari 2020 serikali na Barrick walitia saini makubaliano yaliyoipa serikali asilimia 16 ya hisa za Twiga. Pengine huo ulikuwa mwisho mwema. Hata hivyo, namba yenyewe haikuwahi kupatanishwa, nasi tulizoea wazo kwamba namba ni ya yule mwenye sauti.

Na Mei 2020, akiwa Chato, Rais alieleza hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa katika maabara ya taifa kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi na jibu la kuwa na virusi vya korona. Viongozi wa maabara wakasimamishwa. Leo sitaki kurudia ubishi wa korona. Ninachotaka kusema ni kwamba siku ile kila Mtanzania alijifunza kutilia shaka mkono ulio nyuma ya namba, na hakuna aliyetufundisha namna ya kuukagua.

Je, roboti ingetusaidia? Kwa sehemu, ndiyo. Roboti nzuri huandika kila inalofanya. Ilipima gramu ngapi, saa ngapi, kwa mizani ipi, kutoka kifuko chenye alama ipi, baada ya kusafisha kinu mara ngapi. Haina shemeji wa kumpendelea wala mkubwa wa kumwogopa. Mawakili wanaolalamika kwamba mnyororo wa uangalizi wa vielelezo umekatika wangepata daftari lisilochoka. Mahabusu wa kesi za dawa za kulevya, ambao mashauri yao hayawezi kusonga bila taarifa ya mkemia, wangeweza kusikia tarehe ya hukumu mapema zaidi. Kwa mtu aliye ndani, foleni ya mezani hupimwa kwa miezi ya maisha yake. Hili pekee linatosha kunifanya nisiwe miongoni mwa wanaozipinga roboti.

Lakini roboti huanza kazi pale kifuko kinapowekwa mbele yake. Haikuwapo wakati koleo lilipoingia kontenani. Haikuwapo mwaloni wakati samaki mmoja alipochaguliwa kati ya elfu. Papai likiandikwa jina la mtu, roboti italipima kama mtu, kwa usahihi mkubwa kabisa. Na daftari lake lisilochoka limo katika kompyuta. Anayeishika kompyuta ndiye anayelishika daftari. Kama data za vipimo vyetu zitahifadhiwa katika mashine za muuzaji aliye ng'ambo, tutakuwa tumetoka kwenye mkono unaochoka tukaingia kwenye mkono tusiouona. Uaminifu haununuliwi pamoja na mashine. Hujengwa na utaratibu unaomruhusu raia kuuliza na kujibiwa.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliniuliza darasani kama si afadhali tuzikatae roboti ili tulinde ajira. Nilimwomba aende Kigongo akaone. Kwa miongo mingi, foleni ya kivuko iliwalisha wauza samaki wa kukaanga, mama lishe, wachoma mahindi, wauza maji na vijana wa kubeba mizigo. Dada yangu alikuwa mmoja wao. Alisomesha watoto kwa ugali na sato wa foleni ile, akiwamo huyo mtayarishaji wa sampuli. Ukimuuliza juu ya daraja hatasema baya.

"Mdogo wangu, daraja ni zuri," huniambia. "Wajawazito hawafii tena ng'ambo. Ila wanaopita juu yake hawashuki."

Katika maneno hayo mna elimu kubwa kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayedai daraja livunjwe ili dada yangu auze samaki. Foleni iliyomlisha ilikuwa ikiwaua wengine. Lakini pia hakuna haki katika kusema kwamba, kwa kuwa daraja ni jema, yeye asihesabiwe. Faida ya daraja imetawanyika kwa mamilioni, kila mmoja akapata saa moja au mbili. Hasara yake imewaangukia watu wachache waliokuwa na kibanda. Serikali inayojua kukadiria nguzo na zege inaweza pia kukadiria vibanda, mapema, na kuviandalia mahali pengine penye wateja kabla ya utepe kukatwa.

Maabara zetu bado ziko kabla ya utepe. Ndiyo sababu naandika sasa. Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, na najua mpo, nina mambo manne ya kuweka mezani.

Kwanza, tuanze pale mkono unapoumia. Kazi ya kwanza ya roboti katika maabara za Tanzania iwe tanuri la risasi, tindikali kali na viyeyushi vinavyoingia kwenye mapafu. Mashine ikinunuliwa kwa sababu ya kasi tu, itawekwa mahali penye faida. Ikinunuliwa kwa sababu ya afya, itawekwa mahali penye madhara. Hizo ni ramani mbili tofauti za maabara moja.

Pili, yule anayepisha mashine awe ndiye wa kwanza kufundishwa kuitunza. Mpwa wangu anajua sauti ya kinu kinachokaribia kuharibika; anajua unga ambao haujasagika kwa kuugusa. Elimu hiyo haimo katika kitabu cha mtengenezaji, na mashine ikikwama saa nane usiku, au umeme ukikatika katikati ya sampuli, itahitajika. VETA, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha zinaweza kuandaa kozi fupi za matengenezo ya vifaa vya maabara zinazompokea mtu mwenye cheti na uzoefu, bila kumdai shahada. Na kandarasi ya ununuzi iseme wazi ni wangapi watakaofundishwa, na kwa gharama ya nani.

Tatu, tununue ufunguo pamoja na kisanduku. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatupa utaratibu. Utashi ni juu yetu. Zabuni ya roboti yoyote ya umma ieleze bei ya vifaa vinavyotumika na kuisha kwa miaka yote ya uhai wake, haki ya fundi wetu kuifungua na kuitengeneza, na wajibu wa data zote kubaki nchini, katika mfumo tunaoweza kuusoma hata muuzaji akifilisika. Tena, si lazima kila roboti itoke mbali. Mkono wa kumimina vimiminika ni mota chache, reli, pampu ndogo na programu. Vijana wa Dar es Salaam wamekwisha kuunda printa za 3D kutokana na takataka za elektroniki. Sioni kwa nini mradi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi usiwe mashine ya kugawanya maji ya ziwa katika vichupa 48 kwa usahihi unaopimika. Haitafanana na ile ya Liverpool, lakini tutaijua hadi skrubu yake ya mwisho.

Nne, kila sampuli yenye maslahi ya umma igawanywe na fungu moja lihifadhiwe. Iwe ni mwamba wa mgodi, samaki wa kiwandani, maji ya mto unaopita kando ya bwawa la taka za madini, au unga uliokamatwa mfukoni mwa kijana, anayeathiriwa na jibu awe na haki ya kuomba fungu la pili lipimwe kwingine, na kusoma kumbukumbu za mashine iliyolitayarisha. Roboti inalifanya jambo hili kuwa jepesi na la bei ndogo kuliko zamani. Tukiikosa nafasi hii, tutakuwa tumenunua mashine ya kutoa namba kwa haraka zaidi katika nchi ambayo bado haijui namna ya kuziamini.

Kwa wanaharakati, nawaomba muongeze swali moja katika orodha yenu. Mnapoletewa takwimu za uchafuzi wa ziwa, za mrabaha wa madini, za ubora wa dawa, msiishie kuuliza namba ni ngapi. Ulizeni sampuli ilichukuliwa wapi, nani aliitayarisha, kwa chombo gani, na nusu yake iko wapi. Swali hili halihitaji shahada ya kemia. Mwenye nia njema atalijibu kwa dakika mbili.

Kwa wanafunzi wangu wa kemia wanaohofu kwamba wanasomea kazi itakayokwisha, nasema hivi: kazi ya kumimina itapungua, ndiyo. Kazi ya kujua kama kilichomiminwa kinastahili kuitwa ukweli haitapungua, na nchi hii haijawahi kuwa na watu wa kutosha wa kuifanya. Jifunzeni kuandika programu kama mnavyojifunza kutumia mizani. Ingieni viwandani na migodini, mkakae na watayarishaji wa sampuli, muwaulize wanachokijua kabla hakijapotea. Na siku mtakapokaa katika kamati ya ununuzi, mmoja wenu asimame aulize swali la mpwa wangu, kwa maneno yake yale yale: mashine ikichukua kazi hii, huyu aliyekuwa akiifanya mtampa nini? Lijibiwe kwa maandishi, na jibu liwe sehemu ya mkataba.